Muhogo Usiooshwa: Maisha ya Mwalimu Katungu Florentine wa Bungulu

Wachungaji, mashemasi, majirani wa avenue yetu, na ninyi mliotoka Butembo mkafika na vumbi la njia, asanteni kwa kuja. Wasifu huu ulikwisha kuandikwa mara moja. Élisée, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliuandika kwa Kiswahili kizuri cha kanisani, na nilipousoma nililia. Nilipomaliza kulia niliona kwamba ameandika habari za malaika, na malaika hazikwi. Ndipo shemeji yangu Éphraïm, mume wa marehemu, akanipa kalamu akasema, "Andika wewe, Kavuo. Wewe njo ulikuwa unamuonea wivu, donc wewe njo ulimuangaliaka muzuri."

Ni kweli. Mimi ni Kavuo Séphora, mdogo wake wa pekee, na nilimwita yaya kama mdogo yeyote wa kwetu anavyomwita dada yake mkubwa. Nilimwonea wivu tangu nilipojua kutembea. Nimeambiwa niandike kwa heshima, na nitaandika kwa heshima, lakini sitadanganya mbele ya jeneza. Na kabla sijafika mwisho itanibidi nilirudie neno moja nililolisema kwenye avenue hii miaka karibu minne iliyopita, mbele ya wengi wenu, juu ya watoto watatu. Mnaolikumbuka mmekuja, nimewaona. Naomba mnisikilize mpaka pale.

Katungu Maliro Florentine alizaliwa Kayna, kusini mwa Lubero, tarehe 14 Machi 1959, binti wa kwanza wa mwinjilisti Maliro na Mama Abigaïl. Siku aliyozaliwa mvua ya mawe iliharibu mahindi ya kijiji kizima, ikaruka shamba la baba, na tangu siku ile mama hakuacha kusema kwamba mtoto huyu amekuja na baraka zake. Mimi nilizaliwa mwaka 1962, siku ya jua la kawaida. Nilimuuliza mama mara nyingi kama hakuna jambo lolote lililotokea siku yangu. Alifikiri sana, akasema mbuzi wa jirani alirudi.

Alisoma shule ya msingi Kayna kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akapelekwa Butembo kwa masomo ya sekondari, upande wa ualimu, na akapata diploma yake mwaka 1977. Zamu yangu ya kwenda Butembo ilipofika, mama alikuwa ameugua mgongo na ilibidi msichana mmoja abaki na jembe. Yaya alikuwa tayari kule, na soksi zake nyeupe. Nikabaki mimi. Kila likizo alikuja na madaftari yake, akanikalisha nyuma ya nyumba, akanifundisha yale aliyofundishwa, hesabu na Kifaransa na hata nyimbo. Nilipokosea hakunipiga, alisema tu nianze upya, kwa upole ulioniudhi kuliko kofi. Ndiyo sababu leo mkulima anawasomea maandishi yake mwenyewe, na katika hilo namshukuru, ijapokuwa nilichelewa kumwambia.

Alifundisha Kayna miaka sita, kisha hapa Bungulu, mtaa huu wa mji wa Beni, katika shule ya msingi ya kanisa letu, darasa la kwanza, mpaka alipostaafu mwezi wa sita 2016. Wengi mliosimama hapa aliwashika mkono kuandika herufi ya kwanza. Alikuwa na jicho lake la kazi. Aliniambia kwamba mtoto mwenye njaa haombi chakula, anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na akienda mara tatu kabla ya saa nne, basi nyumbani hakukupikwa tangu jana. Hakuuliza chochote darasani. Alimtuma mtoto huyo nyumbani kwake kupeleka chaki, na pale Éphraïm alijua kwamba anayeleta chaki hupewa uji.

Sasa ndoa. Marehemu alifunga ndoa na Kambere Éphraïm, seremala, tarehe 6 Agosti 1983, hapa Beni. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, na hili Élisée hakuliandika kwa sababu hakulijua. Nilikuwa nimeanza kuuza viazi Butembo, na karakana ya Éphraïm ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilinunua kwake kiti kifupi cha jikoni. Baada ya wiki mbili nikanunua kingine, kisha cha tatu, na katika nyumba niliyopanga tulikuwa wasichana wawili tu. Yaya akaja kunitembelea, akakalia kimoja, akasema mguu wake unacheza, akakibeba mwenyewe kukirudisha kwa fundi. Kutengeneza mguu mmoja wa kiti kulichukua mchana mzima. Shemeji, usiinamishe kichwa, yamekwisha. Mimi niliolewa baadaye na marehemu Kasonia, mtu mwema ambaye hakujua kupiga msumari, na sijutii. Mungu aliwajalia yaya na Éphraïm watoto wawili, Élisée na Sophie.

Nije kwenye kazi ambayo kwayo mnamjua. Mwishoni mwa mwaka 2014, waasi walipoanza kuua watu vijijini kando ya mji, Bungulu ilijaa wakimbizi wa ndani. Watu waliokuwa na mashamba ya kakao na migomba walifika na godoro moja na sufuria. Kanisa liligawa chakula kila Jumapili baada ya ibada, kwa mstari, kwa kuita majina, na mgeni fulani akipiga picha. Katika mstari ule alikuwepo mama mmoja kutoka upande wa Mbau, jina lake Eliane, na watoto wawili, Bénite na Gracien; mdogo kabisa, Elsa, alizaliwa baadaye kidogo hapa hapa mjini. Sitataja familia nyingine yoyote leo. Namtaja Eliane kwa sababu amekwisha kutangulia na habari zake mnazijua.

Eliane alikuja Jumapili moja, akaitwa jina, akabeba mfuko wake, na njia nzima watoto wa mtaa wakamfuata Bénite wakiimba kwamba mama yake ni mama wa msaada. Jumapili iliyofuata hakuja. Yaya alikwenda kumwuliza, na jibu lake alinisimulia mara nyingi. "Mwalimu," Eliane alisema, "kwetu Mbau mimi njo nilikuwa ninapana batu chakula. Batu bakiniona na ile sac ya kanisa, banajua nimekwisha. Afadhali njaa, njaa haionekane."

Wiki ile ile yaya akanipigia simu Butembo, ambako nilikuwa nalima kwenye kilima changu nyuma ya mji.

"Kavuo, shamba yako iko na muhogo?"

"Iko."

"Unilete sac mbili. Usioshe. Uache na udongo yake yote. Maharagi nayo ukuye nayo mu maganda."

"Juu ya nini nibebe udongo mupaka Beni? Udongo ya Beni imeisha?"

"Juu batu baone inatoka shamba," akasema. "Utaingia kwa ule mama kama ndugu yake. Utasema uko mama mudogo ya batoto."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza, na ndivyo ilivyofanyika kwa miaka karibu saba. Chakula cha msaada huja kimeoshwa, kimepimwa, kimefungwa. Chakula cha ndugu huja na udongo, na majani, na konokono mmoja. Kila Ijumaa nilipanda gari la Butembo hadi Beni, na Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa ndani ya Bungulu, kitunga mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso, kama mama yeyote wa Kinande atokaye shambani. Nilipiga hodi kwa sauti ya kuamsha avenue. "Batoto ya dada yangu, muko? Mama mudogo amefika. Shamba inabasalimia." Majirani walichungulia, wakaona udongo, wakasema Eliane kumbe ana watu wake. Na Eliane aliweza kumpa jirani mikono miwili ya maharage, akiwa mtoaji tena.

Familia zikaongezeka, kumi, kumi na tano, mwishowe thelathini na nne. Wamama wa kanisa la Butembo walileta mazao yao kwangu, na sharti lilikuwa moja, asioshe mtu. Kila nyumba nilikuwa mama mdogo wa mtu. Nilijifunza majina ya marehemu wa watu nisiowajua, ili nikiulizwa nilie mahali panapostahili. Yaya hakuonekana nami kamwe. Yeye alipita katikati ya wiki na daftari lake, akijifanya amekuja kuuliza masomo ya watoto, na alitazama nani anakohoa, nani analala wapi, sufuria gani haijaguswa moto. Siku ya Alhamisi alinipigia simu kunielekeza nani apewe nini.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Palikuwa na baba mmoja aliyeuza maharage yetu, na udongo wake, akanywa. Palikuwa na mtoto mchanga tuliyemfikia Jumamosi wakati ilipotakiwa tumfikie Jumatano, na yaya aliliandika jina lake ndani ya jalada la Biblia yake, ambamo bado lipo. Lakini furaha nayo ilikuwepo, na nyingi yake, nakiri, niliipata mimi. Mwaka 2017 msichana wa nyumba mojawapo alichumbiwa, na siku ya mahari nikaitwa kukaa mahali pa mama mdogo. Nilikaa. Niliuliza ukoo wa kijana, nikakunja uso kama inavyopasa, nikakubali, na watu wa kijana wakanifunga kitenge kipya begani mbele ya wote. Yaya alikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi la walimu.

Sasa wivu wangu, kwa sababu ndio shemeji alionipa kalamu kwa ajili yake. Jumamosi mimi nilibeba, na Jumapili mchungaji aliishukuru "huduma ya Mama Florentine". Ulikuja ujumbe kutoka Goma, ukampa cheti chenye mhuri, na Éphraïm akakitengenezea fremu ya mbao nzuri, bila mguu wa kucheza. Kimetundikwa sebuleni, mmekiona mlipoingia. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi kila Jumapili nilikuwa njiani kurudi Butembo, shingo ikiniuma. Jina langu lisingeweza kuandikwa kwenye cheti kile, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa siri yenyewe. Nililijua hilo vizuri, na niliumia vilevile. Nilijiambia, yeye ni mtakatifu na mimi ni punda wake. Nililirudia moyoni kila Jumapili, miaka mingi, mpaka likawa sala yangu.

Mwezi wa saba 2021, Eliane alinisindikiza mpaka barabarani. "Mama mudogo," akaniambia, "Jumamosi inakuya usilete kintu. Mimi njo ntabaletea, wewe na Mwalimu. Niko na shamba. Muhogo yangu iko pale inaoza bure." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya shukrani. Jumanne alikwenda na wanawake wengine wawili kwenye shamba lake la zamani upande wa Mbau, na waasi wakawakuta. Waliporudishwa, kitunga chake kilirudishwa pia, na kilikuwa kimejaa. Alitaka mara moja tu kuwa upande wetu wa mlango, na hakuna kati yetu wawili aliyekuwa amewahi kufikiri kumpa nafasi hiyo.

Tulimzika tarehe 24 Julai 2021. Matanga yalipokaribia kufungwa, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, alisimama, akafanya kama desturi inavyotaka. "Ndugu ya mama ya batoto asimame," akasema, "atuambie batoto banaenda wapi." Hakuuliza ni nani. Miaka karibu saba watu wote walikuwa wameniona na kitunga changu. Nyuso zote zikanigeukia, na Bénite, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa ameshika pindo la kitenge changu.

Nikasimama. Yaya alikuwa ameketi na walimu, macho chini. Nikawaza: sawa, yeye cheti, mimi watoto. Ndivyo nilivyowaza, na mama yao hajakauka udongo. Nikasema, "Mimi hapana mama mudogo yabo. Hata ukoo yabo siijue. Muulize Mwalimu Florentine, yeye njo alinitumaka."

Bénite akaachia kitenge. Yaya aliinuka, akavuka ua mzima, akamfunga Elsa mgongoni, akawashika wengine wawili mikono, akamwambia chef maneno matatu tu. "Batoto ni bangu." Hakunitazama alipopita.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile ile Bungulu nzima ilijua kwamba mama mdogo ni wa uongo, na kama ni wa uongo kwa Eliane, basi ni wa uongo kila mlango alioupigia hodi. Wiki iliyofuata wamama wanne walifunga milango ya jikoni, wasipokee tena. Majirani walikuwa wamewauliza, "Na ule wako naye ni wa uongo?" Stara iliyojengwa miaka karibu saba niliivunja kwa pumzi moja, si kwa sababu nilichoka, wala kwa sababu ya umaskini. Niliivunja kwa wivu. Nikarudi Butembo, na Jumamosi sikuja tena.

Marehemu aliendelea. Akiwa na miaka sitini na miwili alijifunga mkanda wa kitunga mwenyewe, shingo iliyozoea ubao na chaki. Mazao yalimfikia kwa moto, zile pikipiki za abiria, kutoka Butembo, maana nilikuwa bado natuma, sikuwa mnyama. Lakini kila mtu alimjua kuwa ni Mwalimu, na kila alipoingia, chakula kilikuwa cha kanisa tena, hata kiwe na udongo kiasi gani. Wengine walivumilia aibu wakala. Wengine waliacha. Hakunilaumu hata siku moja, si kwa simu, si kwa barua, si kwa kupitia mtu, na hilo linaniudhi mpaka leo. Kama angenitukana ningekuwa na la kujibu.

Ugonjwa ulianza Agosti 2024, uvimbe tumboni. Waganga wa hospitali ya Beni wakamtuma Butembo, akafanyiwa upasuaji mwezi wa kumi na moja, na kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na hospitali, akaletwa kwangu. Nilimwosha, nilimpikia uji, nilimsomea. Watoto wa Eliane walibaki Beni na Éphraïm. Mwezi wa tatu mwaka huu, alasiri moja, nilikuwa nimeketi karibu na kitanda chake nikitoa maharage kwenye maganda, akasema bila kunigeukia:

"Kavuo, mimi niko na wivu yako."

"Yaya, homa imepanda."

"Hapana homa. Ile miaka yote, batoto ba Bungulu banakukimbilia wewe. Mimi nikipita, banasimama wima, banasema bonjour Mwalimu. Elsa nalala naye, nakula naye, mais akigonjwa anauliza mama mudogo atakuya siku gani." Akavuta shuka kifuani. "Na ile kitenge ya mahari. Nilikuwa pale nyuma, naambia Bwana: ile familia mimi njo niliitafuta, nyumba kwa nyumba, na kitenge anapewa Kavuo. Nilifika nyumbani hata sikukula."

Ndugu zangu, nisameheni. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Miaka sitini na miwili nilikuwa natamani alicho nacho, na kumbe kulikuwa na kitu kimoja ambacho yeye alikitamani kwangu. Nilitaka kuinuka nikapige vigelegele uani. Aibu ilikuja baadaye, polepole, maharage yakiwa bado mkononi, kwa sababu nilielewa alichokuwa anakitamani ni kile kile nilichokitupa chini mbele ya chef.

"Nikuletee ile kitenge?" nikamwambia. "Iko mu sanduku."

"Kitenge hapana. Ile neno ulisema, uende uiondoe. Mimi nimebalea, nimebafundisha, mais ile neno siwezi kuiondoa, haikutoka mu kinywa yangu."

Nilijibu, "Tutaona."

Hilo ndilo jibu nililompa dada yangu. Baada ya pale alizidiwa, tukazungumza mambo ya dawa na mito na dirisha lifunguliwe au lifungwe. Marehemu alifariki Butembo, Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, nikiwa nimemshika miguu ambayo ilikuwa baridi tangu alfajiri. Alikuwa ameniomba kitu kimoja katika maisha yake yote ambacho hakikuwa kwa ajili ya mtu mwingine, au pengine nacho kilikuwa kwa ajili ya wengine. Sikumpa.

Jana alasiri nilimfuata Bénite nyuma ya nyumba. Ana miaka kumi na mitano sasa. Alikuwa anasugua sufuria za matanga kwa majivu, na hakuacha.

"Bénite, kesho nitasoma majina ya bale bamebaki," nikasema. "Nataka niandike mimi niko mama mudogo yenu. Unanipa ruhusa?"

"Mbele ya batu bote?"

"Mbele ya batu bote. Chef naye atakuwa."

Akamwaga maji, akachota mengine. "Na Jumamosi utakuya?"

"Nitakuya."

"Kila Jumamosi, ao hii moja tu ya matanga?"

Nilihisi hasira ya mtu mzima anayehojiwa na mtoto, kisha nikakumbuka ni mtoto gani. "Kila Jumamosi," nikasema.

Alisugua mpaka chini ya sufuria pakaonekana. "Andika," akasema. "Mais siku hautakuya, mimi mwenyewe njo nitaifuta."

Marehemu Mwalimu Katungu Maliro Florentine ameacha mume, Kambere Éphraïm. Watoto wawili, Élisée na Sophie. Na wajukuu watano. Ameacha ndugu wa Kayna, ambao vita imewazuia kufika na wanaolia kule walipo. Ameacha familia thelathini na tatu, ambazo sizitaji, na wamama wanne nawaomba msamaha kwa mdomo ule ule uliowaaibisha.

Ameacha mdogo mmoja, Kavuo Séphora. Na Kavuo ana watoto watatu wa dada yake Eliane, wa upande wa Mbau: Bénite, Gracien na Elsa. Mimi ni mama yao mdogo. Chef, uliniuliza mwaka 2021 na nikajibu vibaya. Uliza leo tena, nimesimama.

Bwana ampumzishe yaya wangu. Amechoka kweli.